2,147,483,647: namba ambayo kompyuta hugota hapo

Mpwa wangu ana gemu la kilimo kwenye simu. Unalima, unavuna, unauza, unakusanya hela. Jioni moja alinijia na uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Mjomba, nauza mahindi lakini hela haiongezeki." Nikachungulia kioo cha simu: 2,147,483,647. Akauza gunia jingine mbele yangu. Namba haikutikisika. Alishaamini kwamba wenye gemu wamemfungia.

Wiki hiyohiyo, kwenye kundi la familia la WhatsApp, likapita lile tangazo ambalo halichoki kuzunguka: tarehe 19 Januari 2038 simu zote zitazima, pesa za kwenye simu zitayeyuka, mtumie na mwenzako. Shangazi mmoja akauliza kama atoe hela zake mapema. Hakuna aliyegundua kwamba mahindi ya mtoto na hofu ya shangazi vinatoka kwenye namba moja.

Isome polepole: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiitafsiri kwa shilingi za Tanzania, ni hela ya kujenga ghorofa, si ya kununua nchi. Haifiki hata theluthi ya watu wote duniani. Kwa nini basi kompyuta, chombo kinachosifiwa kwa hesabu, kigote hapo? Tena kuna watu wanaoitukuza namba hii kwa sababu nyingine kabisa: ni namba tasa, na wanahesabu waliihangaikia miaka mingi kabla kompyuta haijawaziwa. Mambo haya mawili huchanganywa sana, kwa hiyo nitaanza na moja.

Mawe ya mizani

Mfikirie muuza nafaka mwenye mizani ya zamani, ile ya sahani mbili na mawe ya chuma. Mpe mawe matano tu: la kilo 1, la 2, la 4, la 8 na la 16. Mteja akitaka kilo 5, anaweka la 4 na la 1. Akitaka 22, anaweka la 16, la 4 na la 2. Jaribu mwenyewe: hakuna uzito wa kilo kamili kati ya 1 na 31 utakaomshinda. Kwa 31 anaweka mawe yote. Kwa 32 amekwama mpaka anunue jiwe la sita, nalo ni la kilo 32.

Hapo kuna kanuni itakayotufikisha mbali: mawe yote kwa pamoja hupungua kilo moja tu kufikia jiwe linalofuata. 1 na 2 ni 3, jiwe linalofuata ni 4. Ongeza 4, unapata 7. Linalofuata ni 8. Mawe matano ni 31, yaani mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, kisha toa moja. Wanahesabu huandika 2⁵ − 1, na ile 5 ya juu huitwa kipeo.

Kompyuta inahesabu kwa mawe hayo hayo. Kila jiwe ama liko kwenye sahani ama haliko, na uamuzi huo wa lipo au halipo ndio unaoitwa biti. Ukiwa na mawe 31, kila moja mara mbili ya lililotangulia, yakiwekwa yote unapata 2³¹ − 1. Hiyo ndiyo 2,147,483,647. Ndiyo namba ya mahindi ya mpwa wangu.

Kwa nini mawe 31 na si 40? Kwa sababu ya ufungashaji. Soda hufungashwa kwa kreti, na kumbukumbu ya kompyuta hufungashwa kwa baiti, kila baiti biti nane. Kwa miaka mingi kisanduku cha kawaida cha kuwekea namba kilikuwa baiti nne, biti 32. Ni uamuzi wa mafundi waliokuwa wakibana matumizi enzi ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali. Kwa hiyo dai kwamba hii ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaijua si kweli. Ni ukubwa wa kisanduku tu, na ukitaka kikubwa zaidi unaagiza kikubwa zaidi.

Jiwe la 32 liko upande wa pili

Msomaji makini ameshauliza: kama biti ni 32, mbona mawe ni 31? Jiwe la 32 lipo, na ndilo lenye vituko. Kompyuta inahitaji pia namba hasi: madeni, baridi chini ya sifuri, miaka iliyopita. Njia iliyochaguliwa ni kwamba jiwe la mwisho, zito kuliko yote, linawekwa kwenye sahani ya upande wa pili. Linavuta kinyume.

Chukua mfano mdogo. Una mawe ya 1, 2 na 4 upande wako, na jiwe la 8 ambalo likiwekwa linakaa upande wa pili. Umeshaweka 1, 2 na 4, una 7. Ongeza moja. Kwa utaratibu wa kawaida, mawe yote matatu yanaondolewa na la 8 linapanda mizani. Lakini la 8 liko upande wa pili! Ulitaka 8, umepata −8.

Kwa kisanduku cha biti 32 ni hivyohivyo, kwa ukubwa wake: 2,147,483,647 ongeza moja, unapata −2,147,483,648. Tajiri anageuka mdaiwa kwa senti moja. Waliotengeneza gemu la mpwa wangu walilijua hilo wakaweka kizuizi: ukifika juu, simama hapo. Walimwokoa asiamke na deni la bilioni mbili. Nilimweleza hivyo, akaniangalia kama ninayewatetea wezi.

Si kila fundi aliyekumbuka kuweka kizuizi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, na chini ya dakika moja baadaye ikalipuka angani. Programu ilijaribu kuingiza namba kubwa kwenye kisanduku cha biti 16, ambacho mwisho wake ni 32,767. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege aina ya Boeing 787: umeme wake ukiachwa umewaka mfululizo siku 248, vidhibiti vya jenereta vingeweza kuzima vyote kwa pamoja. Kaunta ikiwa inahesabu kila sehemu ya mia ya sekunde, gawanya 2,147,483,647 kwa mia moja kupata sekunde, kisha geuza ziwe siku: ni siku 248 na ushee. Tiba ya muda ilikuwa ile ya kila fundi simu wa mtaani: zima, washa. Na Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba video ya mwanamuziki Psy wa Korea Kusini imetazamwa mara nyingi kuliko kisanduku chake kilivyoweza kubeba, ikabidi kiwekwe cha biti 64.

Tulishapita jaribio kama hili, mita za umeme zilipojaa

Sasa turudi kwa shangazi. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde, kuanzia usiku wa kuamkia 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku. Ndiyo maana simu iliyopoteza kumbukumbu ya saa wakati mwingine hukuonyesha picha iliyopigwa "1 Januari 1970" kabla hujazaliwa. Kaunta iko sifuri.

Sekunde hizo zikiwekwa kwenye kisanduku cha biti 32, kitajaa Jumanne ya 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, jiwe la upande wa pili linapanda. Kaunta inaruka hadi Ijumaa ya 13 Desemba 1901, usiku wa saa 5 na dakika 45, mwezi uleule ambao reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria. Hiyo ndiyo kweli iliyo ndani ya tangazo la WhatsApp. Kilichobaki humo ni chumvi.

Simu zinazouzwa leo karibu zote hutumia biti 64 kwa wakati. Kisanduku hicho kitachukua takriban miaka bilioni 292 kujaa, na ulimwengu wenyewe una umri wa karibu bilioni 14 tu. Pesa za kwenye simu haziko ndani ya simu hata kidogo. Salio lako limeandikwa kwenye kompyuta za kampuni, na simu ni dirisha la kulichungulia. Kazi kubwa iko kwenye vifaa vya zamani ambavyo hakuna anayevikumbuka: kamera za ulinzi, mashine za viwandani, vidude vilivyofungwa ukutani mwaka 2009 na aliyevifunga ameshastaafu.

Na wala si jambo geni kwetu. Mwaka 2024, Tanzania na Kenya, watu waliombwa kuboresha mita zao za malipo ya kabla. Ulinunua umeme wa LUKU ukapewa tarakimu 60 badala ya 20, ukasimama mbele ya mita ukibonyeza mafungu matatu kwa zamu huku mtu mwingine akikusomea. Maelezo mtaani yalikuwa mengi kuliko walioelewa. Sababu ilikuwa kisanduku kilichojaa: mita za aina hiyo duniani kote zilihesabu dakika tangu 1 Januari 1993 kwa biti 24. Biti 24 zinatoa dakika 16,777,216, na dakika hizo ziliisha 24 Novemba 2024. Yale mafungu mawili ya mwanzo yalikuwa ya kuirudisha mita mwanzo wa hesabu. Taa zikaendelea kuwaka. Kama ulibonyeza tarakimu zile, umeshashiriki kurekebisha tatizo la ukoo mmoja na la 2038.

Upande wa pili: utasa

Mpaka hapa tumeongelea kisanduku. Sasa tukitupe, tubaki na namba yenyewe.

Namba tasa ni namba kamili inayozidi 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Jina hilo nalionea huruma kidogo, maana hizo tunazoziita tasa ndizo zinazozaa nyingine zote. 12 ni 2 mara 2 mara 3, na hakuna namba isiyotokana nazo. Namba zinazogawanya namba nyingine bila baki huitwa vigawo vyake.

Turudi kwenye mawe yetu. Mawe mawili yanatoa 3, tasa. Matatu yanatoa 7, tasa. Matano 31, tasa. Saba 127, tasa. Mtu angeharakisha kusema: basi, idadi ya mawe ikiwa tasa na jumla itakuwa tasa. Mawe 11 yanamwumbua: jumla ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kinyume chake lakini ni sheria isiyovunjika: idadi ya mawe isipokuwa tasa, jumla haiwezi kuwa tasa kamwe.

Pietro Cataldi, mwanahesabu wa Bologna, alisema mwanzoni mwa karne ya 17 kwamba mawe 23, 29, 31 na 37 yote yanatoa namba tasa. Alikosea tatu, akapatia 31. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake mwaka 1644; 31 imo, na makosa pia yamo. Kusema si kazi. Kazi ni kuonyesha.

Utaonyeshaje kwa mkono? Si lazima ujaribu kila namba. Vigawo huja wawiliwawili, na katika kila jozi mdogo hawezi kuzidi kipeuo cha pili, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inarudisha namba nzima. Hapa ni 46,340 na ushee. Ukifika hapo bila kupata kigawo, hakipo. Chini ya 46,340 kuna namba tasa karibu 4,800. Ukitumia dakika tano kwa kila moja, ni saa 400. Siku hamsini za kazi, bila kukosea hata mara moja.

Mwanahesabu Leonhard Euler alipata njia ya mkato. Alikuwa Saint Petersburg, ana miaka zaidi ya sitini, na macho yake yamekaribia kuzima kabisa. Alijua kwamba kigawo chochote tasa cha namba ya mawe 31 lazima kibaki 1 ukikigawanya kwa 31. Usiniamini, jaribu kwa ile ya mawe 11: vigawo vyake ni 23 na 89. 23 kwa 11 inabaki 1. 89 kwa 11 inabaki 1. Kuna chujio la pili: kikigawanywa kwa 8, kigawo lazima kibaki 1 au 7. Unganisha machujio mawili, unapata kwamba kigawo lazima kibaki 1 au 63 ukikigawanya kwa 248. (Ndiyo, 248 kama siku za ile ndege. Ni sadfa tupu, msianzishe tangazo jingine.)

Kutoka 4,800 tumebaki na namba 370 hivi, na nyingi kati ya hizo zenyewe si tasa. 63 inagawanyika kwa 3. 249 inagawanyika kwa 3. Ya kwanza ya kujaribiwa kweli ni 311. Chukua karatasi: 311 inaingia kwenye 2,147,483,647 mara 6,905,092 na kubaki 35. Haigawanyiki. Nenda kwa inayofuata, na inayofuata. Euler alizimaliza, na mwaka 1772 akaarifu kwa barua kwamba hakuna hata moja iliyogawanya. Kwa zaidi ya miaka sabini hakuna aliyeonyesha namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Zawadi ikaja nayo. Wagiriki waliita namba kamilifu ile ambayo vigawo vyake, bila yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alishaonyesha kwamba kila jumla ya mawe iliyo tasa, ukiizidisha kwa jiwe zito kuliko yote katika mawe hayo, inatoa namba kamilifu: 3 mara 2, 7 mara 4, 31 mara 16. Ya mawe 31 ikatoa 2,305,843,008,139,952,128. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa, kwa kuwa vitu hivi ni vya udadisi tu, havina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Nampenda Barlow kwa kujiamini kwake. Mwaka 2024 ilipatikana namba tasa ya mawe 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Je, kompyuta hugota hapo kwa sababu ni tasa?

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanasikia kwamba namba ni tasa na pia ni mwisho wa kisanduku, wanaunganisha. Angalia visanduku vingine. Biti 8 zinaacha mawe 7: 127, tasa. Biti 16 zinaacha 15: 32,767, si tasa, kwa kuwa 15 yenyewe ni 3 mara 5, ni 7 mara 31 mara 151. Biti 32 zinaacha 31, tasa. Biti 64 zinaacha 63, na 63 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo jumla inagawanyika kwa 7. Kisanduku hakijali utasa. Mafundi walichagua 32 kwa sababu ya baiti, na ikatokea kwamba moja kabla yake ni 31, na ikatokea kwamba 31 ni miongoni mwa zile chache zinazokubali.

Baada ya sadfa hiyo watu wakaitumia. Programu ya kompyuta haiwezi kubahatisha yenyewe. Kila inachofanya ni hesabu. Ikitaka namba zinazoonekana za bahati nasibu, kwa mfano kuchanganya karata kwenye gemu, lazima izitengeneze. Njia moja maarufu inasema: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, na kuendelea bila mpangilio unaoonekana kwa jicho. Itapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kabla ya kurudi mwanzo. Utasa ndio unaoruhusu mzunguko huo mrefu.

Nilimwonyesha mpwa wangu kwa vizibo vya soda. Vizibo sita tukavipa namba 1 hadi 6. Zidisha kwa 3, gawanya kwa 7, shika baki. 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 tena. Vyote sita vimeguswa. Nikamwambia ajaribu kwa 8, ambayo si tasa. 1, 3, 1, 3, 1, 3.

"Hii imeharibika," akasema.

Nikamwuliza kama amejaribu kutumia hela zake za gemu badala ya kuuza tu. Akanunua ng'ombe wanne. Namba ikashuka, mahindi yakaanza kuuzika.